Mnada baada ya ibada

Jumapili ya mavuno, kwenye makanisa ya Kianglikana ya Temeke na Kinondoni, baraka ikishatolewa watu hawakimbilii daladala. Mnada wa sadaka za mavuno unaanza. Jogoo aliyefungwa miguu kwa kitambaa anapandishwa bei, ananunuliwa, kisha mnunuzi anamrudisha anadiwe tena, au anampa bibi mjane aondoke naye.

Akina mama ndio nguzo ya makanisa haya. Umoja wao, ulioasisiwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, hupika, hutembelea wagonjwa na kukesha msibani.

Makanisa haya ni ya Dayosisi ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1965 chini ya Askofu John Sepeku. Jiji limetanuka mno tangu hapo. Pembezoni wengi ni wahamiaji wa juzi. Hivyo ukimwona mgeni kasimama peke yake mnadani, mpe sahani, muulize anaishi wapi.