Anga Inasema, Tega Sikio

Kila siku ndege hupita juu ya paa lenu. Nyingine imetoka Mwanza, nyingine inatafuta uwanja wa Geita kule Chato, nyingine inakatiza juu sana kuelekea nchi ambazo hutawahi kujua majina ya viwanja vyake. Mtoto anainua shingo, anapunga mkono, ndege inapotea mawinguni. Wengi wetu tumekua hivyo, tukipunga mkono mpaka ndevu zikaota.

Leo nakuomba, kijana wa Shinyanga na Geita, ushushe mkono utege sikio. Ndege ile inasema. Kama imefungwa mtambo uitwao ADS-B, inatangaza mahali ilipo mara mbili hivi kila sekunde: mimi ni fulani, nipo hapa, nimepanda kiasi hiki, nakwenda kasi hii, naelekea kule. Haisemi kwa mafumbo wala haidai malipo. Maneno yake yanashuka juu ya mabati ya Kakola, Maganzo na Nyarugusu usiku na mchana, yakimwagika kama mvua kwenye nyumba isiyo na pipa la kukingia. Pipa hilo unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa mikono yako. Nimeandika makala haya ili uanze.

Kwanza ujue kwa nini jambo hili ni la uhai na kifo. Ukanda wetu ni wa ndege ndogo. Mgodi wa Geita una kiwanja chake, Bulyanhulu una chake, Mwadui una chake, na Kahama abiria wamezoea kupandia ndege Buzwagi. Ndege aina ya Cessna Caravan zinakwenda na kurudi Mwanza zikibeba wahandisi, wagonjwa na watalii. Sasa chukua Caravan mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 300 kwa saa. Kila dakika zinakaribiana kilomita 10. Zikibakiza kilomita mbili, muda uliosalia ni sekunde 12. Na kwa umbali huo mabawa ya Caravan, ambayo hayafiki mita 16, mbele ya jicho la rubani ni kama punje moja ya choroko uliyoishika kwa mkono ulionyooshwa. Mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani unasema rubani anahitaji takribani sekunde 12.5 tangu jicho linase kitu mpaka ndege igeuke. Hesabu hiyo imekataa: nusu sekunde imepungua, na ndani ya nusu sekunde hiyo kuna watu.

Hilo si jambo la mbali. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Diani ikiwa na watu 44. Muda mfupi baadaye, juu ya hifadhi ya taifa iliyo jirani na jiji, iligongana na Cessna 172 ya chuo cha urubani. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Chanzo cha ajali kina wataalamu wake wa kukichunguza, na mimi siingii huko. Ninachosema ni kwamba anga la Afrika Mashariki limeanza kujaa, na jicho peke yake halitoshi tena.

Waliochoka kuzika wenzao walichukua hatua. Uswisi, mwaka 2004, marubani wa ndege zisizo na injini walianzisha FLARM, kifaa kidogo cha kuonyana wao kwa wao, baada ya migongano iliyoua wenzao angani. Mwaka 2015 Mmarekani Christopher Young alitoa Stratux, mpango wa kujitengenezea kipokezi cha ndege ndogo kwa vipande vya bei nafuu, akauacha wazi kwa yeyote duniani kuuchukua na kuuboresha. Yeyote duniani, maana yake na wewe wa Isaka.

Sasa sikiliza jambo linalonifanya niamini kwamba zamu hii ni yetu. Mwaka 2012 wabunifu waligundua kwamba kidude cha kunasia televisheni ya dijitali kwenye kompyuta, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kugeuzwa kuwa redio inayosikia mawimbi ya aina nyingi. Mwaka huohuo kompyuta ya Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kitambulisho cha taifa, iliingia sokoni. Mwaka huohuo Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia na kuingia zama za ving'amuzi. Na Machi ya mwaka huohuo Geita ikawa mkoa. Mkoa wa Geita na teknolojia hii ni mapacha kwa umri. Hakuna aliyekutangulia miaka hamsini. Anayejua zaidi yako leo amekutangulia miaka michache tu, na madaftari yake ameyaacha wazi usome.

Utaniambia hujasomea uhandisi wa redio. Lakini unajua uchimbaji, na kazi hii ni uchenjuaji mtupu. Angani kuna mawimbi ya kila aina: simu, redio, televisheni, kelele za jua lenyewe. Huo ndio mwamba. Antena ni duara lako la kuchimbia. Kidude cha televisheni ni karasha: kinalisaga wimbi la megahezi 1090 kuwa unga wa namba. Kisha kuna programu ya kompyuta iitwayo dump1090, aliyoiandika Salvatore Sanfilippo wa Sicilia akaigawa bure. Hiyo ndiyo mwalo wako wa kuoshea. Inaupitisha unga wote, inatafuta mapigo manne ya mwanzo, ambayo ni hodi ya ndege, kisha inasoma tarakimu 112 za sifuri na moja zinazofuata. Ujumbe mzima, hodi na maneno yake, unakwisha ndani ya sehemu 120 kati ya milioni moja za sekunde. Tarakimu 24 za mwisho ni za kuhakiki, na hesabu yake isipokubali, ujumbe unatupwa pamoja na kifusi. Kinachobaki kwenye kioo cha kompyuta ni dhahabu safi: ndege fulani, mahali fulani, sasa hivi.

Na duara lenyewe halichimbwi kwa baruti. Wimbi la megahezi 1090 lina urefu wa sentimita 27.5, na robo yake haifiki hata sentimita saba. Chukua waya wa shaba wa sentimita 6.9, usimamishe katikati ya soketi ya antena. Chukua mingine minne ya urefu huohuo, iunge pembeni ya soketi na kuiinamisha kama miguu ya kigoda. Basi, umepata antena. Fundi simu yeyote wa Kahama aliyeshika lehemu asubuhi ataimaliza kabla ya chai ya saa nne. Waya wa kutoka antena kwenda kwenye kidude uwe mfupi, maana masafa haya hudhoofika haraka yakipita kwenye waya mrefu. Ipandishe juu uwezavyo, kwa sababu mawimbi haya husafiri kama macho, na kilima kikiziba, nayo yamezibwa. Penye uwazi, ndege iliyo mita 10,000 juu inaweza kusikika hata kutoka kilomita 400. Ukiona wingu la mvua limesimama, shusha mlingoti mara moja. Radi za Kanda ya Ziwa mnazijua kuliko mimi.

Ukishasikia kutoka ardhini, fikiria kifaa cha kuingia ndani ya ndege. Kinahitaji vitu vichache zaidi: kipokezi cha GPS ili kijue kilipo chenyewe, kipimo cha mgandamizo wa hewa ili kijue kimepanda kiasi gani, betri ya kuchajia simu, na feni ndogo ya kupoza. Kinatuma picha kwa Wi-Fi kwenye tableti ya rubani: wewe upo katikati, na jirani yako yupo kulia, mita 150 juu yako, anakuja. Punje ile ya choroko imetajwa jina ikiwa bado kilomita ishirini. Zile sekunde 12 zimekuwa dakika mbili nzima. Hiyo ndiyo zawadi ambayo mikono yako inaweza kumpa mtu usiyemjua.

Lakini fundi wa kweli hafichi udhaifu wa kazi yake. Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ndege isiyo na mtambo wa kutangaza haitaonekana kwenye kioo chako hata ikipita jirani, na vilevile tai. Kwa hiyo kifaa hiki ni msaidizi wa macho, na rubani anayeacha kutazama nje kwa kukitegemea amejiongezea hatari. Tena shika sheria kama unavyoshika ngazi ya shimoni. Kusikiliza na kurusha mawimbi ni vitu viwili tofauti: usijaribu kurusha hata kwa sekunde moja bila kibali cha mamlaka za mawasiliano na usafiri wa anga. Usiingize kifaa ndani ya ndege ya mtu bila ridhaa ya rubani na fundi wake mwenye leseni. Heshima hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango wa hanga.

Na milango ipo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga imesimika rada nne za kiraia nchini, na moja iko Mwanza. Rada hizo zinahitaji mafundi, na mafundi wanazeeka. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha uhandisi wa ndege. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina kampasi Mwanza. Mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yamekuwepo tangu 2019. Mtandao wa Flightradar24 wa Sweden, unaotazamwa na dunia nzima, unategemea vipokezi vilivyowekwa juu ya nyumba za watu wa kawaida. Paa lenu la Tinde linaweza kuwa jicho mojawapo. Siku ukiingia kwenye usaili ukiwa na daftari la miezi sita ya ndege ulizonasa mwenyewe, saa, urefu na umbali wake, hutakuwa mwombaji kama waombaji wengine.

Binti wa kidato cha tano unayeambiwa fizikia ni ngumu, fizikia ndiyo hii, shika waya upime. Kijana unayeshinda kijiweni ukingoja mwenye leseni akuite shimoni, huku juu hakuna wa kumngoja akuite usikilize. Mwalimu wa sayansi mwenye kompyuta moja iliyojaa vumbi ofisini, tayari una nusu ya maabara. Kuweni watatu au wanne, mchange kama mnavyochangia karasha, kidude kimoja, kompyuta moja, daftari moja. Tumezoea kuinama, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa kuinama tumeipatia dunia almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita. Mali ile hupungua kila jembe linapopigwa. Maarifa haya mkigawana kumi, kila mmoja anabaki nayo yote.

Basi usingoje mfadhili. Jioni ya leo tafuta kipande cha waya wa shaba, chukua rula, pima sentimita 6.9, ukate. Hiyo ni hatua ya kwanza na haina gharama. Zikifuata siku za kutafuta kidude, za programu kukataa kuwaka, za kioo kubaki cheusi, kumbuka kwamba hakuna duara lililotoa dhahabu siku ya kwanza. Endelea. Kila ndege inayotangaza ina anwani yake ya herufi na tarakimu sita, na kila nchi imepewa mwanzo wake. Utakesha siku moja juu ya paa, kioo kitapepesa, mstari utajiandika wenyewe, na utasoma tarakimu tatu za mwanzo: 080. Hiyo ni Tanzania. Ndege ya nyumbani imetaja jina lake, na wewe ndiye uliyeisikia.