Dawa Yenye Udhia: Iko Wapi Subira?

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Katika darsa yetu ya Karurumo, upande wa Runyenjes katika nchi ya Embu, ndugu yetu mmoja alituuliza swali lililoonekana dogo, kumbe ndani yake mna jambo kubwa la dini. Ndugu huyu, ambaye riziki yake ni pikipiki ya abiria, ana kisukari kwa miaka mingi. Ugonjwa huo umemharibia mishipa ya fahamu ya miguuni, hata nyayo humwaka usiku kama aliyekanyaga makaa, na shuka ikimgusa huhisi sindano. Daktari alimpa amitriptilini, kidonge kimoja cha usiku. Maumivu yakapungua, lakini ukamjia udhia mwingine: kinywa kukauka, kichwa kumzunguka anapoinuka katika sijida, na usingizi mzito, hata ikampita Sala ya Alfajiri mara tatu katika juma moja. Akaiacha dawa. Maumivu yaliporudi akasema kwamba ni heri asubiri moto wa miguu kuliko kuikosa Sala. Je, amefanya vyema?

Twakiri kwamba wengi katika sisi tulimsifu kabla ya kufikiri. Sasa twasema: nia yake ni njema, lakini alilolitenda si sawa.

Kwanza, subira si kuyachagua maumivu. Subira ni kutolalamikia kadari ya Mwenyezi Mungu baada ya mja kufanya lililo katika uwezo wake. Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameeleza kwamba kujitibu hakuvunji tawakkul, kama vile kula kwa mwenye njaa kusivyoivunja. Mwili ni amana, wala mwenye amana hana ruhusa ya kuiacha iharibike kisha akauita uharibifu huo ucha Mungu.

Pili, Sharia imekwisha kumfikiria mgonjwa. Aliyepitiwa na usingizi pasipo uzembe huisali Sala yake anapoamka. Asiyeweza kusimama husali ameketi. Mgonjwa wa Ramadhani amepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul-Baqara. Ama ruhusa hii si mto wa kulalia. Ni juu yake kuzishika sababu: amwulize daktari kama aweza kukimeza kidonge mapema zaidi jioni, ili uzito wake uishe kabla ya alfajiri, tena aweke mtu wa kumwamsha.

Tatu, ni wajibu kuijua dawa unayoitumia. Amitriptilini ilianza kuuzwa mwaka 1961 kwa ajili ya ugonjwa wa huzuni, na gabapentini na kabamazepini zajulikana pia kuwa dawa za kifafa. Mgonjwa akisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi huona haya, akadhani amehesabiwa kuwa mwenye wazimu. Hapana haya hapo. Dawa hizi haziponyi mshipa ulioharibika. Hupunguza habari za uwongo za maumivu ambazo mshipa huo huzipeleka kwenye ubongo. Kwa hivyo huanzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa polepole. Mara nyingi usingizi na kizunguzungu hupungua katika majuma ya mwanzo, mwili unapozoea. Wala hazifai kukatwa ghafula: amitriptilini ikikatwa huleta kichefuchefu na kukosa usingizi, na gabapentini yaweza kuleta hata degedege. Lakini uko udhia usiostahili kungojewa. Mkojo ukizuilika, moyo ukienda mbio, akili ikichanganyikiwa, au fikira za kujiua zikimjia mtu, na aende hospitali siku iyo hiyo.

Wako waliomshauri ndugu yetu atafune muguka ili aufukuze usingizi. Mmea huu walimwa Mbeere, karibu nasi, na mwaka 2024 ulizusha ugomvi baina ya magavana wa Pwani na watu wa Embu. Ugomvi huo hatuuingii hapa. Twasema tu kwamba muguka huuharakisha moyo, na dawa hii nayo yaweza kuugusa moyo. Tena asiyelala usiku kwa sababu ya muguka atasinzia zaidi kesho yake. Huko ni kutibu dhara kwa dhara.

Sasa twafika penye kiini. Ndugu yetu aliihofia Sala yake, nasi tukaihofia pamoja naye. Lakini katika darsa nzima hatukumsikia mtu akiuliza juu ya abiria. Mtu huyu, kichwa kikimzunguka na macho yakiwa mazito, alikuwa akiwapakia mama na mtoto asubuhi na kuingia barabarani. Sala iliyompita mwenye udhuru hulipwa. Mtoto aliyevunjwa mgongo hulipwa kwa nini? Haki ya Mwenyezi Mungu ina msamaha mpana, ama haki za waja hubaki shingoni mpaka wenyewe wasamehe. Basi sisi tuliodhani tunaitetea dini tuliisahau nusu yake.

Ndugu yetu alirudi kwa daktari, akamweleza yote pasipo kuficha, kwani kumficha daktari udhia ni kujikhini mwenyewe. Kipimo kikapunguzwa, na saa ya kumeza ikasogezwa mbele. Tukakubaliana kwamba hatapanda pikipiki mpaka kichwa kiwe chepesi, na kwamba kila alfajiri mmoja wetu atampigia simu. Lakini abiria wengi ni wa asubuhi, naye ana watoto. Kwa hivyo tuliomsifu bure kwa kustahimili maumivu, sasa yatupasa kumchangia chakula cha nyumba yake. Kumsifu mgonjwa kwa subira yake ni rahisi. Kuubeba pamoja naye mzigo wa dawa yake ndiko kunakotupima sisi.

Wabillahi t-tawfiq.