Pembe Nne za Leso

Kijana aliyenichukulia sanduku kivukoni Likoni alikuwa mwembamba kama mwiko. Tuliposhuka feri upande wa kisiwani alilirusha begani, akaupanda ule mlima wa kutokea kivukoni akitweta. Alipolitua kule juu, alinitazama mimi, hakulitazama sanduku.

"Mzee," akaniuliza, "unasafiri ama unahama?"

Nilikuwa nasafiri. Natoka Msambweni, naenda Nairobi harusini, siku nne basi. Gurudumu moja la sanduku lilikuwa limeng'oka pale steji ya Ukunda, ndiyo maana nikamwita. Nilimlipa, tukacheka, nikasahau. Usiku wa mwisho kule Nairobi nikafungua sanduku kupanga vitu vya kurudi, nikajikuta nahesabu. Mashati tisa, nimevaa matatu. Viatu jozi tatu, nimevaa moja. Nimebeba na pasi, ilhali mwenyeji wangu anayo. Na pamoja na shehena yote hiyo, korosho nilizokusudia kumpelekea mwenyeji zilibaki mezani Msambweni. Hazikupata nafasi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Miaka yote nilidhani methali hiyo inasema juu ya shida za watu. Likoni ilinirudia kwa maana yake ya waziwazi: mzigo ni wangu, bega ni la mwenzangu, nami nyuma natembea mikono mitupu, naona kama kabeba usufi.

Shangazi yangu hajapata kumiliki sanduku. Awe anakwenda Vanga kwa ndugu au Tanga mazikoni, hutandaza leso moja ya jozi mkekani. Cha watu hutangulia: korosho, chupa ya achari, pengine ndimu za uani, kwani mkono mtupu haulambwi. Ndipo hufuata nguo zake, chache, zilizokunjwa zikakunjika. Leso ya pili ya ile jozi haingii furushini, hujitanda. Akifika, hiyo hiyo ndiyo shuka ya kulalia, ndiyo taulo, na kukiwa na mtoto mchanga nyumba ile, ndiyo mbeleko.

Kisha huvuta pembe nne. Zikikutana zikafungika, safari ipo. Zisipokutana, kitu kinatoka, maana leso haivutiki. Mwisho hupiga ngata, akajitwika furushi lake, akatembea nalo mpaka kisimani na kurudi. Nilimwuliza zamani kwa nini ajichoshe bure. "Mwanangu," akanijibu, "usichoweza kujitwika, usimtwike mwenzio."

Mizani hiyo ina historia pwani hii. Katika karne ya 19 misafara ya bara ilianzia miji kama Mombasa, Pangani na Vanga yetu hii, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili. Frasila ni ratili 35 hivi, kama kilo 16. Basi mbili ni kilo 32. Leo mashirika mengi ya ndege hayapokei begi moja linalozidi kilo 32, hata uwe tayari kulipa, kwa kuwa hunyanyuliwa na binadamu kule nyuma tusikoona. Na baadhi ya ndege ndogo zinazotua Ukunda huruhusu kilo 15 tu, hata frasila moja haitimii. Vyombo vimegeuka, mgongo wa mtu ni ule ule.

Mimi sanduku ninalo bado, ila nalifunga kwa sheria ya shangazi. Zawadi kwanza. Nguo naziviringisha kama mkeka, hazikunjamani sana na zinakaa kwa kubanana. Soksi naziingiza ndani ya viatu; viatu vizito navivaa. Shati lisilopatana na suruali zote mbili halisafiri. Vizito vinalala upande wa magurudumu, sanduku likisimamishwa lisipige mweleka. Kisha, jioni ya kuamkia safari, nalibeba begani mpaka kwenye mwembe na kurudi, majirani wakinishangaa. Mara ya kwanza nililitua nusu ya njia. Nikarudi ndani, nikatoa pasi.

Wapo watakaoniambia: wewe ukifunga mwepesi, yule kijana wa Likoni atakula nini? Swali la haki. Lakini yeye hulipwa kwa safari, halipwi kwa kilo. Sanduku jepesi halimnyimi kitu. Linamwachia mgongo wa safari ya pili, na wa kesho. Anayenyimwa ni yule anayebebeshwa pasi ya mtu asiyeihitaji, kwa bei ile ile.

Mwezi uliopita nilivuka tena, naenda Nairobi kumwona mwenyeji wangu yule yule. Korosho zilikuwa ndani, zimetangulia kila kitu. Gurudumu nilishalitengeneza, na sanduku ningeliweza mwenyewe, lakini kijana mmoja alinijia nikampa. Alilitwaa kwa mkono mmoja, tukaupanda mlima sambamba huku akinisimulia mechi ya jana yake. Tulifika juu hadithi haijaisha, na sote wawili tulikuwa na pumzi ya kuimalizia.