Usomaji wa Nusu: Kipawa, Kiburi na Anguko la Msomi katika Doctor Faustus

Methali isemayo kwamba akili nyingi huondoa maarifa huchukuliwa aghalabu kuwa onyo kwa wajanja. Hata hivyo, ndani yake mna swali zito la kimaadili. Inawezekanaje kipawa kumnyima mwenyewe kile kile ambacho kingempatia? Na mwenye kipawa anapoanguka, je, huangushwa na kipawa chenyewe au na jinsi anavyokitazama? Ni tanzia chache zinazolikabili swali hili waziwazi kama Doctor Faustus ya Mwingereza Christopher Marlowe (1564–1593), tamthilia iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1604, miaka 11 baada ya mtunzi wake kuuawa kwa kisu huko Deptford.

Uhakiki wa tamthilia hii umekuwa na mielekeo miwili mikuu. Upo ule unaoiona kuwa hadithi ya maonyo: msomi alitamani elimu iliyokatazwa, akaadhibiwa ipasavyo. Upo pia ule unaomwona Faustus kuwa shujaa wa elimu, mtu aliyethubutu kuvuka mipaka iliyowekwa na kanisa lililoogopa fikra huru. Mielekeo hii inapingana katika hukumu, lakini inakubaliana katika jambo moja la msingi, yaani kwamba Faustus anapenda elimu kupita kiasi. Ni jambo hilo hasa linalostahili kutiliwa shaka. Tamthilia ikisomwa kwa makini, inadhihirika kwamba Faustus anaangamia kwa kuidharau elimu.

Hapana budi kukiri kwanza kwamba kipawa chake ni cha kweli. Msimulizi wa tamthilia anatuarifu kuwa Faustus alizaliwa Ujerumani na wazazi wa hali ya chini, akalelewa na jamaa zake huko Wittenberg, akapanda kwa bidii hadi akatunukiwa shahada ya udaktari wa theolojia. Marlowe mwenyewe, mtoto wa fundi viatu wa Canterbury aliyefika Cambridge kwa ufadhili wa masomo, aliijua vyema ngazi ya namna hiyo. Tiba za Faustus zimeokoa miji mizima kutokana na tauni. Lau angekuwa mpumbavu, anguko lake lingekuwa kichekesho tu. Uzito wa tanzia unatokana na thamani ya kile kinachopotea.

Katika onyesho la kwanza Faustus yumo chumbani mwake, anavipitia vitabu vyake kimoja baada ya kingine na kukiweka kando kila kimoja. Mantiki lengo lake ni kujadili vyema, naye lengo hilo amekwisha kulifikia. Tiba haiwezi kufufua wafu. Sheria ni kazi ya vibarua. Hatimaye anaifungua Biblia ya Kilatini na kusoma katika Waraka kwa Warumi kwamba mshahara wa dhambi ni mauti. Anaishia hapo, ilhali aya hiyo hiyo inaendelea kutaja karama ya uzima wa milele. Kisha anasoma katika Waraka wa Kwanza wa Yohana kwamba anayesema hana dhambi anajidanganya. Hapo pia anaishia, ilhali aya inayofuata inaahidi msamaha kwa anayeungama. Kwa nusu hizo mbili anaunda hitimisho kwamba ni lazima binadamu atende dhambi, na kwa hiyo ni lazima afe. Kitabu kinafungwa, na mlango wa sihiri unafunguliwa.

Hili haliwezi kuwa kosa la ujinga. Daktari wa theolojia hawezi kutojua aya ambazo kila mwanafunzi wake alizijua, na mantiki aliyotoka kuibeza ingemwonyesha kwamba hoja iliyojengwa juu ya dai lililokatwa katikati haisimami. Faustus anasoma mpaka pale maandishi yanapokubaliana naye, kisha anaacha. Kiburi chake, basi, kinajitokeza kwanza kama namna ya kusoma, kabla hakijawa dhambi ya kuuza roho.

Kiswahili kinatusaidia kulibainisha jambo hili. Majivuno ni kujisifu kwa ulicho nacho, nayo huweza kuvumiliwa na hata kuchekewa. Kiburi kina mizizi ya ndani zaidi. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo yamechangia pakubwa maadili ya Waswahili wa pwani, kiburi kimefafanuliwa kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Iblisi anapokataa kumsujudia Adamu, hakosi hoja: yeye ameumbwa kwa moto, na Adamu kwa udongo. Hoja anayo, nayo ndiyo inayomzuia kusikia. Faustus ni wa ukoo huo. Akili yake haijalala hata mara moja, lakini imegeuka kuwa wakili wa matamanio yake.

Ushahidi zaidi unapatikana baada ya mkataba wa miaka 24 kutiwa saini kwa damu. Kama Faustus angekuwa mpenzi wa elimu, huu ndio ungekuwa wakati wa kujua. Badala yake, anapouliza habari za nyota na sayari anapata majibu ambayo, kwa kauli yake mwenyewe, hata mtumishi wake Wagner angeyatoa. Anapouliza ni nani aliyeumba ulimwengu, Mephistopheles anakataa kujibu. Mtu aliyeota kuizungushia Ujerumani ukuta wa shaba na kuwavika wanafunzi hariri anaishia kumpiga Papa kofi mezani, kumwotesha mheshimiwa mmoja pembe kichwani, kumletea bibi wa kifalme zabibu wakati wa baridi, na kumuuzia mchuuzi farasi anayegeuka majani makavu akiingia majini. Baadhi ya wahakiki wameyaona maonyesho haya ya katikati kuwa dhaifu na kuyahusisha na kalamu za watu wengine. Hata ikiwa hivyo, mwelekeo wake unaafikiana na tanzia: uwezo usiowajibika kwa mtu yeyote husinyaa na kuwa mzaha.

Isitoshe, anayemwambia Faustus ukweli juu ya giza linalomngoja ni Mephistopheles mwenyewe. Yeye anasema bayana kwamba hajatoka jehanamu, kwani jehanamu ipo popote alipo yeye aliyenyimwa uso wa Mungu. Faustus anamkejeli, na baadaye anamwambia kuwa jehanamu ni ngano tu. Shetani anatoa ushuhuda wa alichokipitia, na mwanadamu anamsahihisha. Kinaya hiki kinaonyesha kwamba giza katika tamthilia hii halianzi usiku wa mwisho. Linaanza pale mtu anapopoteza uwezo wa kuambiwa jambo na mwingine.

Yamkini mtu akauliza: je, Faustus alikuwa huru kweli? Matoleo mawili ya tamthilia yanatofautiana hapa kwa neno moja. Katika toleo la 1604 Malaika Mwema anasema kwamba muda haujapita iwapo Faustus ataweza kutubu. Katika toleo la 1616 neno ni iwapo atataka. Kwa wanaosisitiza kwamba Mungu amekwisha kuchagua watakaookoka, neno la kwanza linamwondolea Faustus lawama, kwa kuwa hakupewa uwezo. Neno la pili linamrudishia lawama yote. Hata hivyo, maneno hayo mawili yanaweza kusomwa kama hatua mbili za safari moja. Asiyetaka kwa miaka 24 hufika mahali asipoweza. Utashi unaokataa kila siku hujenga ukuta, na usiku wa mwisho mwenyewe hudhani ukuta huo umejengwa na mbingu.

Ndiyo maana kukata tamaa kwake si unyenyekevu. Anawaambia wasomi wenzake kwamba hata nyoka aliyemshawishi Hawa aweza kuokolewa, lakini si Faustus. Bado anadai kuwa wa kipekee. Jana hakuna elimu iliyomtosha, leo hakuna rehema inayomtosha. Ni kiburi kile kile, kimegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Fasihi ya Kiswahili imelipokea swali hili katika mazingira yake. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi anamchora Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayesimulia maisha yake mwenyewe hadi kufikia kujiua. Hapa hakuna mkataba wala shetani. Pana elimu iliyomtenga kijana na watu wake bila kumpa makao mengine. Tofauti hii ni muhimu, kwani inazuia lawama yote kutupiwa nafsi ya mtu mmoja: elimu yenyewe, na jinsi ilivyofika Afrika, ina sehemu yake katika upweke wa Kazimoto. Lakini riwaya hiyo inathibitisha pia kwamba giza halihitaji jehanamu. Linatosha pengo kati ya anayejua na wale ambao haamini tena kwamba wana la kumfundisha.

Tamthilia ya Marlowe inaliacha pengo hilo wazi hadi mwisho. Usiku wa mwisho wasomi wa Wittenberg wanakwenda chumba cha pili kumwombea mwenzao, naye anabaki peke yake na saa inayogonga, akiahidi kuvichoma vitabu vyake, kana kwamba vitabu ndivyo vilivyokosa. Katika toleo la 1616 wasomi hao wanarudi asubuhi, wanaviona viungo vyake vimetapakaa, na wanaamua kumzika kwa heshima kwa ajili ya elimu yake iliyostaajabiwa katika vyuo vya Ujerumani. Wanafunzi aliowaahidi hariri wanaisindikiza maiti yake wakiwa wamevaa nguo nyeusi za matanga.