Ndugu Uliyemwalika

Februari 2022, programu iliyojiita Amazon Web Worker Africa ilizimika ghafla, na Wakenya waliotuma pesa zao kwa M-Pesa wakabaki mikono mitupu. Mkosaji ni tapeli; aliyeibiwa asitukanwe. Lakini miradi ya aina hii huishi kwa mwanachama kumvuta mwenzake, na hapo, naamini, ndipo wajibu wetu ulipo mzito. Shangazi uliyemwalika, aliyetoa pesa za ndengu au maembe, alikuamini wewe, wala si programu. Nenda kwake leo. Mweleze ukweli wote, hata kama huna cha kumrudishia. Kisha liambie kundi la chama, kabla mwingine hajabonyeza namba yake ya siri.