Jino Pacha na Koleo la Fundi

Mtoto alikuwa na miaka mitatu, anacheka, anakula makande bila shida. Ila jino lake moja la mbele, taya la chini, lilikuwa pana kuliko wenzake, na katikati lina mfereji ulioshuka kutoka ncha hadi kwenye ufizi. Bibi yake kila akiliona alizidi kuingiwa na mashaka.

“Mwanangu, jino hili litaharibu na mengine.”

“Mama, mbona halimuumi?”

“Halijaanza.”

Kisa hiki nimekitunga na kukiweka kijijini Masakta, lakini fundi wa kienyeji aliyemo sikumtunga. Vijijini Tanzania, tangu miaka ya 1980, watoto wamekuwa wakichokolewa kile kinachoitwa meno ya plastiki. Mtoto mchanga akihara na kushikwa na homa, fundi hupapasa ufizi, akakuta uvimbe mweupe pale chonge linapojiandaa kuota, akalitoa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Mtoto hupoteza damu, huweza kupata pepopunda, na jino la ukubwa lililo chini huweza kuota limeharibika. Homa nayo, ambayo huenda ni malaria, hubaki palepale.

Basi bibi akamwita fundi kama huyo, akaja na koleo, bibi akamshika mtoto kichwa. Jino pana lina mzizi mpana. Likakatikia juu, mzizi ukabaki. Siku chache baadaye kidevu kilivimba, usaha ukatoka, mtoto akakataa hata uji. Mama hakungoja ruhusa ya mtu. Alipanda pikipiki na wanawe wawili, mdogo akiwa mgongoni, bibi nyuma yao kwa pikipiki nyingine, hadi Haydom, kwenye hospitali inayohudumia watu wa eneo hilo tangu 1955.

Tabibu wa meno alisafisha kidonda, akatoa mzizi kwa ganzi, kisha akahesabu. Meno ya utoto ya taya la chini huwa kumi. Ukihesabu lile jino pana kuwa moja ukapata tisa, mara nyingi ni meno mawili yaliyoungana yakiwa bado yanaumbika. Ukapata kumi, yaelekea ni jino moja lililotaka kugawanyika. Kwa huyu yalikuwa tisa, na hapo picha ya eksirei inafaa, kwa sababu penye meno yaliyoungana mara nyingine jino moja la ukubwa huwa halipo kabisa.

“Lingeachwa tu,” alisema. “Mfereji ule ndio adui, chakula hunasa humo na jino likaoza. Ungeupiga mswaki vizuri, au sisi tungeuziba. Akifika miaka sita tungeangalia kama linalegea lenyewe. Likigoma huku jino la ukubwa linaota nyuma yake, tungeling'oa hapa.”

Kisha akamtazama yule mdogo, aliyekuwa akihara tangu juzi. Ufizi wake ulikuwa na uvimbe mweupe. Akaandika maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, akaagiza apimwe malaria.

Bibi alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, “Daktari, na fundi nimeshampa kuku wa huyu mdogo. Atamrudisha?”