Sura Tunaipata, Dhati Je?

Katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu limo jina la Al-Musawwir, yaani Mwenye kutia sura. Ajabu ni kuwa mpiga picha naye, kwa Kiarabu cha siku hizi, huitwa musawwir vile vile. Sisi watu wa pwani tumechukua "sura", tumechukua na "taswira", lakini mwenye kamera tukamwita mpiga picha, kama tunavyosema mpiga randa na mpiga chapa. Jina la kazi tu. Nadhani tulifanya vyema, kwani lile jingine ni zito kwa mabega ya binadamu.

Ndugu msomaji, sikusudii kuurudia hapa ule mjadala wa uhalali wa picha. Hadithi sahihi zimewakemea vikali wenye kutengeneza sura za viumbe, na wanavyuoni wamekhitalifiana kama picha ya kamera imo ndani ya makemeo hayo au haimo. Wako waliosema imo. Wako waliosema haimo, na miongoni mwao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye aliona kuwa kamera haiumbi kitu bali inakizuia kivuli kisiondoke. Kila mtu na amfuate sheikh anayemwamini. Nami nimeona ya kuwa hata nyumba zinazoshikilia kauli ya kwanza hazikosi picha ya pasi ya Hija chini ya sanduku.

Suala langu ni la baada ya hapo. Mafundi wa kazi hii wakitaka kuisifu picha husema kuwa imenasa dhati ya mtu, si sura yake tu. Jambo hilo lawezekana?

Tuanze na chombo chenyewe. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufia Cairo, alieleza katika kitabu chake cha elimu ya kuona kuwa jicho halitoi mwangaza kwenda kwenye kitu. Ni mwangaza utokao kwenye kitu unaoingia jichoni. Alifanya majaribio yake kwa chumba cha giza chenye kitundu, na kamera ni chumba hicho hicho kilichopunguzwa hadi kikaingia mkononi. Basi kinachoingia ni kile kilichopigwa na mwangaza, nao mwangaza hupiga juu ya ngozi, juu ya nguo, juu ya mawe. Haupigi juu ya nia.

Nimekaa miaka kadhaa Usa River, mji mdogo wa njiani, kilomita 20 na kitu mashariki ya Arusha kwa barabara ya Moshi, na huko nilipata somo la jambo hili kwa mlima. Mtu akiwa Arusha mjini huuona Mlima Meru mzima, umechongoka, hauna kasoro. Akatoka Usa River akapanda njia ya Ngurdoto kwenda maziwa ya Momella, mlima humgeukia ukawa mwingine. Upande wa mashariki uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita, ukabaki ukuta mkubwa uliopinda kama mwezi mwandamo, na ndani yake kilima cha majivu. Picha ya Arusha ni ya kweli na ya Momella ni ya kweli. Aliyeiona moja tu atakuapia kuwa ameujua mlima, wala hatakuwa mwongo, ila atakuwa hajui.

Na hapo hapo Momella pana kisa kikubwa kuliko cha mlima. Mwishoni mwa mwaka 1960 walikuja Wamarekani na kamera zao, pamoja na mchezaji mashuhuri John Wayne, wakapiga filamu iliyotolewa mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili, "Hatari!" Kisa chake ni watu wanaokamata wanyama wa mwitu ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama. Wachezaji wenyewe walipanda magari wakawafukuza vifaru na twiga kweli kweli. Dunia nzima iliitazama, na wengi wakaamini wameiona dhati ya nchi ile: nyasi, vumbi, wanyama, na Wazungu wenye mioyo ya ushujaa.

Kumbe mbele kidogo ya Momella ni Engare Nanyuki. Huko, Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuwasemea watu wake mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kamera za filamu zilifika miaka tisa tu baadaye. Siwezi kusema zilisema uongo, kwa maana vifaru walikuwapo na mlima ulikuwapo. Lakini kamera ina uso na ina kisogo, na mwenye kuishika ndiye anayechagua nani awe usoni na nani awe kisogoni.

Hapo ndipo suala la ufundi linapogeuka kuwa suala la dini. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya ghiba, ikiwa lile lisemwalo juu ya ndugu ni kweli, alieleza kuwa likiwa kweli ndiyo ghiba yenyewe, na likiwa uongo basi ni uzushi. Zingatia jambo hili, kwani wapiga picha wengi hujitetea kwa kusema, "Mimi nimepiga kilichokuwapo." Kuwapo kwake hakutoshi. Mtu aliyelewa amelala mtaroni alikuwapo, na mwanamke aliyefunuliwa nguo na upepo alikuwapo. Niliwahi kuona pale stendi ya Usa River gari la wageni linasimama, mkono wenye kamera unatoka dirishani, mama muuza ndizi aliyekuwa akimnyonyesha mtoto anapigwa picha, gari linaondoka. Hakuulizwa jina, hata salamu hakupewa. Mwenzake akamtania kuwa sasa atakuwa mashuhuri Ulaya. Yeye akajibu kwa hasira, "Wangeninunulia hata kichane kimoja." Nikawaza: picha ile itatundikwa pahala, na mtu ataisifu kuwa imenasa dhati ya mama wa Kiafrika, na wala hakuna katika chumba kile atakayejua kuwa mama yule alikuwa amekasirika.

Lakini tusiwe wepesi wa kuharimisha. Mohamed Amin alikuwa Mwislamu wa kwetu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, aliyekulia Dar es Salaam. Alikwishapiga picha za Hija na kuzitoa kitabuni mwaka 1978. Oktoba 1984 alifika Korem, Uhabeshi, pamoja na mtangazaji Michael Buerk, akapiga filamu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa kwa maelfu. Maskini wale hawakuombwa idhini, kwani wengine hawakuwa na nguvu ya kufungua kinywa. Walionekana katika hali ambayo hakuna mtu angependa aonekane nayo. Kwa kipimo nilichokitaja, je, si ghiba ile?

Nimelifikiri sana jambo hili, na naona jawabu limo katika fiqihi yenyewe. Imam Nawawi ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa analolichukia huwa halali, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kushitaki, na kutafuta msaada wa kuondoa baya. Filamu ya Korem ilikuwa mashitaka. Dunia ilikuwa imenyamaza, na baada yake ilitikisika, misaada ikamiminika, na tamasha kubwa la Julai 1985 likafanywa kwa ajili ya njaa ile. Lakini ruhusa ya namna hii hupimwa kwa dharura yake. Picha iliyohalalika kwa kuita chakula haihalaliki, miaka arubaini baadaye, kwa kupamba kalenda au kumtisha mtoto anayekataa ugali. Hapo inarudi kuwa nyama ya ndugu. Amin mwenyewe alipoteza mkono mmoja katika mripuko Addis Ababa mwaka 1991, akafa Novemba 1996 ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Ngazija. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi narudi nilipoanza, na sina jawabu ila kisa cha nyumbani. Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Usa River, mtu wa mizaha, ulimi wake haukutulia. Siku moja alivaa kanzu na kofia akaenda kupiga picha. Mpiga picha akamwambia acheke kidogo, naye akakataa. Picha ikatoka amekaza uso, macho chini. Ndiyo pekee aliyoiacha. Alipofariki, wanawe waliitazama wakasema, "Huyu si baba. Huyu kadhi." Walitaka kutafuta fundi wa mjini airekebishe, awatilie hata tabasamu, kisha ikuzwe itundikwe sebuleni.

Mkewe akaichukua mikononi mwao akaitazama kitambo. "Ndiye," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akikaa juu ya msala baada ya Alfajiri, na nyinyi mmelala."

Hakuna aliyemjibu. Ya kutundika alikataa, akasema hataki malaika waikimbie nyumba yake. Akaizungushia leso, akaitia sandukuni, akafunga.